Picha na muziki wa projekti za shule: uliza kwanza ni za nani

Wazazi na walimu wenzangu, leo siongelei gharama ya projekti za CBC, mtaala wa umilisi wa hapa Kenya, hiyo tumeilalamikia vya kutosha. Nataka tuongee kuhusu picha na muziki tunaowawekea watoto humo ndani bila hata kuuliza vimetoka kwa nani.

Mimi niko na saiba, duka la intaneti na kuprinti, hapa Umoja, Nairobi, mwaka wa nane sasa. Jioni watoto wakitoka shule mlango unajaa yunifomu. "Anti, nitolee picha ya volkeno." "Anti, mwalimu amesema wanyama watano na wawe wa rangi." Na mimi nilikuwa nafanya vile watu wa saiba hufanya, naandika neno kwa Google, nachagua picha ya kwanza iliyo safi, naprinti, mtoto analipa anaenda. Zingine zilikuwa na yale maandishi hafifu yamepita katikati ya picha, jina la kampuni inayoziuza, na bado tulikuwa tunazibandika kwa manila hivyo hivyo. Sikuwahi kuona kama kuna shida.

Halafu kukawa na msichana mmoja wa gredi ya 8, jirani yangu. Projekti yake ilikuwa video ya dakika nne kuhusu uchafu wa Mto Nairobi, na alijituma kweli, alienda na babake wakapiga video kwa simu, akaandika maneno yake mwenyewe akayarekodi kwangu saiba usiku nikiwa nimefunga mlango ili pikipiki zisisikike. Mimi ndiye nilimwambia tuweke wimbo nyuma ya sauti yake, wimbo uliokuwa unapigwa kila matatu wakati huo. Ilipendeza. Shule ikaipandisha YouTube ili siku ya wazazi wabonyeze tu, na siku hiyo ilipobonyezwa mbele ya wazazi wote picha zikatembea kimya. Mfumo wa YouTube ulikuwa umeutambua wimbo na sauti ikazimwa, na sauti ikizimwa namna hiyo haizimwi ya wimbo peke yake, ya mtoto pia inaenda nayo. Alisimama kando ya skrini, akaangalia mwalimu, halafu akaanza kusema maneno yake kwa kichwa, neno kwa neno, akikimbizana na picha. Wazazi walipiga makofi lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma na moyo unaniuma, kwa sababu yeye alifanya kila kitu sawa na kosa lilikuwa langu.

Kuanzia hapo nikaamua kujifunza, na haya ndiyo nimeyashika.

Kitu cha kwanza, kuwa kwenye intaneti si kuwa ya bure. Hapa Kenya hakimiliki inaanza pale pale mtu anapopiga picha au kurekodi, si lazima awe ameandikisha popote. Ni kweli Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaacha nafasi kwa mambo kama utafiti, matumizi yako binafsi na uhakiki, ukimtaja mwenye kazi. Kwa hivyo chati inayobaki kwa ukuta wa darasa si kitu cha kukunyima usingizi. Shida inaanza projekti ikitoka darasani, ikiwekwa YouTube au ikisambazwa kwa grupu za WhatsApp, na siku hizi nyingi zinatoka. Afadhali kuanza na kitu ambacho mwenyewe ameshasema kitumike.

Na wako wengi waliosema, hapo ndipo nilishangaa. Kuna leseni zinaitwa Creative Commons, zilianza kutolewa 2002, ambapo mwenye kazi anakuruhusu mapema bila wewe kumwandikia barua, mradi ufuate masharti yake. Masharti yenyewe yameandikwa kwa herufi na hizo herufi ndizo watu wanaruka. BY maana yake utaje jina langu. NC usifanyie biashara. SA ukiibadilisha, uitoe kwa leseni ile ile. ND usisambaze ikiwa umeibadilisha. Hii ND iangalie sana kwa muziki, kwa sababu kwa leseni hizi kuweka wimbo chini ya video kunahesabiwa kuwa umeubadilisha, kwa hivyo wimbo wenye ND hata kama unadaunlodika usiuweke kwa video ya mtoto. CC0 ni kwamba mwenyewe ameachilia kabisa, hata jina si lazima, ingawa kwangu tunaandika tu.

Sasa za kutafuta wapi. Kama ni kitu cha hapa kwetu mimi naanza na Wikimedia Commons, hiyo ndiyo ghala la picha za Wikipedia. Ukitafuta KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, matatu, twiga wa Nairobi National Park, utapata picha zilizopigwa na watu waliosimama hapo kweli, na chini ya kila picha kuna jina la mpiga picha na leseni yake. Unsplash, Pexels na Pixabay zina picha kali sana na leseni zao wenyewe hazikulazimishi kutaja jina, lakini kwa mambo yetu naziona haba, ukiandika Kenya unaletewa simba na machweo, ukitaka picha ya mama mboga utahangaika. Na tafuta kwa Kiingereza pia, maana wengi wanaopandisha picha wanaziandikia maelezo kwa Kiingereza. Openverse inakutafutia sehemu nyingi kwa mara moja na inakuonyesha leseni hapo hapo. Kwa projekti za sayansi, sayari na mwezi na hizo zote, nenda NASA moja kwa moja, picha zao kwa kawaida hazina hakimiliki, wanataka tu uwataje.

Kama lazima uende Google, ukishatafuta picha bonyeza Tools, halafu Usage Rights, uchague Creative Commons. Zitapungua sana, usishtuke. Lakini usiishie hapo, fungua ukurasa wenyewe uhakikishe leseni iko, Google inaweza kukosea.

Historia pia iko na mlango wake. Kwa sheria yetu picha inalindwa miaka 50, inahesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipowekwa hadharani au ilipochapishwa mara ya kwanza, ile iliyochelewa zaidi. Kwa hivyo picha iliyochapishwa gazetini 1952 wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau, muda wake hapa Kenya ulishaisha kitambo. Kitabu au mchoro ni tofauti, hiyo ni miaka 50 baada ya mwenyewe kufariki.

Muziki ndio unachoma watu wengi kwa hivyo hapa nitakaa kidogo. Kwanza hiyo hadithi ya "tumia sekunde kumi tu hawatakushika", sijaiona kwa sheria yoyote, na mashine za YouTube hazijali. Kuandika "wimbo si wangu" kwa maelezo pia haisaidii, si ndio umekiri sasa. Kwa video ya YouTube tumia Audio Library, ghala la muziki lililo ndani ya YouTube Studio, unaweza kuchuja uone nyimbo zisizohitaji kutaja jina. Kevin MacLeod, mtunzi wa Marekani, ameweka muziki mwingi wa ala kwenye incompetech kwa leseni ya CC BY, unautumia ukimtaja. Kama unataka sauti tu, mvua, kuku, mlango, Freesound ina kila kitu, utafungua akaunti ndio udaunlodi.

Na uwe makini na wimbo wa zamani. Beethoven alifariki 1827, muziki wake ni wa wote, lakini okestra iliyourekodi juzi ina haki yake kwa ile rekodi. Vivyo hivyo nyimbo zetu za asili, wimbo unaweza kuwa wa kale lakini CD iliyotengenezwa River Road, ule mtaa wa studio za muziki Nairobi, ina mwenyewe.

Ukiniuliza mimi, bora kuliko zote ni kurekodi wenyewe. Yule msichana tulipoirudia video yake hatukutafuta wimbo mwingine, rafiki zake watatu wa klabu ya muziki walikuja na kayamba na ngoma moja, tukarekodi kwa simu iliyowekwa juu ya sweta ili meza isitetemeshe sauti, tena tukaongeza sauti ya mto wenyewe aliokuwa ameurekodi. Iko YouTube mpaka leo na inasikika. Ila mkipiga picha za watoto wengine ombeni ruhusa kwa wazazi wao kabla hamjasambaza, hiyo pia ni sheria, ya 2019 ya kulinda data.

Sasa hapa kaunta nimeweka daftari la kurasa 200. Mtoto akidaunlodi kitu anaandika hapo hapo, kabla hatujaprinti, kwa sababu ukisema utatafuta baadaye hutaipata tena hiyo picha. Mistari ni minne tu, jina la kazi, nani aliifanya, imetoka wapi, leseni gani. Halafu chini ya picha kwenye projekti tunaandika kwa ufupi, kwa mfano jina la mpiga picha, Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0. Inachukua dakika moja, na walimu wawili wa hapa karibu wameshaniambia wanaipenda hivyo.

Wiki jana kijana wa gredi ya 5 alikuja na fleshi, ndani kuna picha tatu za kuku wa nyanya yake alizopiga kwa simu ya mamake, moja imetoka na kidole pembeni. Akafungua daftari, akaandika kuku wa kienyeji, akasimama na kalamu mkononi. "Anti, na hapa kwa nani aliifanya naandika nini?"

Nikamwambia aandike jina lake, yote mawili.

Akaliandika polepole kwa herufi kubwa, halafu akaniuliza kama anaweza kuweka CC BY.