Maswali na Majibu: Kizunguzungu si dalili kwamba zoezi limekuingia

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ngaramtoni, Arusha. Nina umri wa miaka 48 na ninatumia dawa za presha. Kila ifikapo Juni shingo na mabega hunikaza, na usingizi hukatika usiku wa manane. Nimeanza kufuata mafunzo ya video kwenye simu, ya kuutuliza mwili majira ya baridi yanapokaribia: unavuta pumzi kubwa kwa nguvu mara 30 mfululizo, kisha unaizuia kadiri unavyoweza. Nayafanya alfajiri, mlango umefungwa na jiko la mkaa liko chumbani kwa sababu ya baridi. Napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi, lakini mkufunzi anasema hiyo ni sumu inayotoka. Je, niendelee?

Jibu: Mwalimu, usiendelee. Litoe jiko nje kwanza, kisha urudi kusoma yanayofuata.

Habari ya sumu kutoka kupitia vidole huletwa kwangu kila kipupwe kinapoanza, na kila mara huletwa na mtu mwenye akili timamu aliyeaminishwa na mtu asiyejua anachokifundisha. Sumu za mwili hushughulikiwa na ini na figo, viungo vinavyofanya kazi hiyo usiku na mchana bila kudai ada ya mwezi. Ganzi unayoisikia ina sababu nyingine kabisa. Unapopumua kwa nguvu na kwa kasi ilhali umekaa tu, unatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inayotengenezwa na mwili wako. Hewa hiyo ikipungua katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, na hapo ndipo kizunguzungu kinapoanzia. Wakati huohuo asidi ya damu hupungua, kiasi cha madini ya kalisi yaliyo huru ndani yake hushuka, na neva za vidole na za midomo huanza kuchomachoma kama sindano. Kwa hiyo hicho unachoambiwa ni utakaso ni mwili unaolalamika.

Kosa lenyewe limejificha katika maneno mawili. Lugha yetu ilikwisha kusema sawasawa: tunamwambia mtu avute pumzi ndefu. Urefu huo ni wa muda, si wa ujazo, lakini walimu wa simu wameugeuza kuwa ukubwa, wakadhani kwamba kifua kikitutumka zaidi ndipo utulivu unapozidi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Anayetaka kutulia hushusha idadi hiyo hadi karibu mara 6, na kila pumzi hubaki nyepesi. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, mkono mmoja ukiwa juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono ukiinuliwa na tumbo, mabega yakiwa yametulia, kisha itoe kwa hesabu ya 6. Kutoa ndiko kunakotuliza, kwa sababu wakati huo neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo, hupunguza mapigo ya moyo. Mtu aliyeketi kando yako asisikie pumzi zako. Ukihisi kuishiwa hewa, tumia hesabu ya 3 na ya 4, wala usishindane na saa. Dakika 5 zinatosha.

Kuizuia pumzi kwa nguvu, achana nako kabisa. Baridi peke yake hubana mishipa ya damu na kupandisha presha, na mtu anayekaza kifua huku amefunga pumzi huiyumbisha presha hiyo juu na chini kwa muda mfupi sana. Kwako wewe huo si mchezo.

Kuhusu mabega, wewe huandika ubaoni mkono ukiwa umeinuliwa kupita bega, husahihisha madaftari ukiwa umeinama, kisha jioni hujikunyata ndani ya shuka. Misuli hiyo haipati nafasi ya kulegea mchana kutwa. Hapa ninapenda njia ya zamani ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyeieneza katika miaka ya 1920. Pandisha mabega kuelekea masikioni kwa nusu ya nguvu zako, yashike kwa sekunde 5 huku ukiendelea kupumua, yaachie yaanguke, kisha kaa kimya sekunde 20 ukisikiliza tofauti. Rudia mara 3 au 4. Watu wengi huruka zile sekunde 20 kwa kuona hazina kazi, ilhali ndizo zoezi lenyewe.

Video hizo, nadhani, zimetungwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya dunia. London katikati ya Desemba hupata mwanga wa jua kwa muda usiofika saa 8 kwa siku, na mtu wa huko ana sababu ya kuambiwa ajifungie na kulala mapema. Arusha iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba hautofautiani hata kwa nusu saa. Kinachotubadilikia ni baridi na mawingu ambayo upepo wa kusi huyasukuma hadi Mlima Meru. Toka nje utembee, hata kukiwa na mawingu.

Sasa jiko. Kabonimonoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watu husema moshi umekwisha, makaa yamekuwa mekundu, basi ni salama. Makaa hayohayo mekundu ndiyo yanayoitoa hewa hiyo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na hakuna mtu, hata mimi, awezaye kusema kwa kukutazama tu kama kizunguzungu chako cha alfajiri kilitokana na pumzi au na jiko. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, na wakapata nafuu wakitoka nje, waende hospitali. Onyo hili ninalielekeza pia kwa wale wanaouza huduma ya kuvuta baridi mifupani kwa kumfunika mgonjwa blanketi pamoja na jiko linalowaka, wakimhimiza avumilie kwa kuwa dawa isiyouma haiponyi.

Uvumilivu huo ndio ninaouogopa kuliko yote. Mtu aliyezoeshwa kuamini kwamba ganzi ni sumu inayotoka atalala nayo siku ganzi itakapomshika upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda na maneno yakakwama, na dalili hizo ni za kiharusi. Siku hiyo hapumui kwa hesabu yoyote wala hasubiri kupambazuke; anapelekwa hospitali saa ileile.