Taa ya birika jekundu: maswali yenu kuhusu presha ya oili

Msimu wa korosho ukiingia, pikapu za huku kwetu hazilali, na maswali yanayonifikia karibu yote yanahusu taa moja tu: ya presha ya oili, ile yenye picha ya birika jekundu kwenye dashibodi. Haya matano yatoshe kwa leo.

Fundi, nabeba korosho kutoka Tandahimba kuja Mtwara mjini. Asubuhi gari halina neno. Nikifika, injini ikiwa ya moto na gari liko sailensa, yaani limewaka bila kukanyagwa mafuta, taa ya oili inapepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Nimeambiwa niweke oili nzito. Ni sawa?

Kaka, aliyekushauri amekupa dawa ya maumivu, ugonjwa kauacha palepale. Taa itatulia wiki mbili tatu, wewe utaongeza magunia.

Pampu ya oili kazi yake ni kusukuma tu. Presha inapatikana kwa sababu oili inalazimika kupenya kwenye uwazi mwembamba ulio kati ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake, vile vikombe vya chuma unamozungukia. Beringi zikilika, uwazi unapanuka na oili inapita bila kubanwa, kama maji ya mpira wa bustani ukitoa kidole mdomoni mwake. Asubuhi oili ni nzito, inaziba pengo. Ikishapata moto inakuwa nyepesi, na kwenye sailensa pampu nayo inazunguka polepole. Hapo ndipo birika linapoanza kukukonyeza.

Ila usikimbilie kushusha injini. Anza na kijiti cha oili, gari likiwa sehemu tambarare. Kisha jiulize oili hiyo ina umri gani na ilitoka wapi, maana hii ya kupima kwenye pipa siiamini hata ukinipa bure. Ukishaweka oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari pamoja na filta mpya, na taa bado inapepesa, mwambie fundi afungue swichi ya oili, ile inayowasha taa, na afunge geji ya mkono ya kupimia presha kwenye tundu hilohilo. Chemsha injini mpaka feni ya kupoza ianze kazi, ndipo usome. Hesabu yetu ya gereji ni psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Na ujue kwamba swichi nyingi huwasha taa presha ikiwa imeshashuka hadi psi 4 mpaka 7 hivi. Kwa hiyo taa kuzimika si cheti cha afya.

Geji ikisema presha ni ndogo, fungua sampu, lile karai la oili chini ya injini. Safisha chujio la chini ambalo pampu inanyonyea oili, kisha toa kofia moja ya konrodi (mkono wa pistoni) na moja ya meni (beringi kuu za krenki) uangalie. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyotulia. Ukiona wekundu wa shaba, imekwisha. Halafu pitisha ukucha kwenye krenki: ukiteleza bila kukwama, na vipimo vikikubali, unabadilisha beringi peke yake. Ukucha ukinasa kwenye mchirizi, krenki inakwenda kuchongwa, na beringi zitakuwa za saizi nyingine. Tofauti ya gharama hapo ni kubwa mno, ndiyo maana nakuomba usisubiri msimu uishe.

Mimi ni mama mwenye gari, Masasi. Dereva wangu taa iliwaka ghafla karibu na Ndanda, akasema ni swichi mbovu tu, akaendelea mpaka nyumbani. Nimwamini?

Mama, huenda ni swichi kweli, lakini yeye hakuwa na namna ya kujua akiwa kwenye usukani. Ikiwaka ghafla anazima injini papo hapo, si kwenye kituo kinachofuata. Anapima oili, anachungulia chini kama inamwagika.

Nyumbani fanyeni hivi: washeni swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, chomoeni waya wa swichi ya oili. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechunika na unagusa bodi. Ikizima, waya ni mzima. Kilichobaki ni swichi au presha yenyewe, na hapo geji ndiyo inayoamua. Msiwashe injini kabla ya kufunga geji.

Taa inawaka nikipanda kwenda Newala tu. Tambarare haiwaki.

Oili imepungua. Gari likiinua pua, oili inakimbilia nyuma ya sampu na chujio linanyonya hewa. Jaza mpaka alama ya juu, kisha tafuta inakokwenda.

Niko Nachingwea. Pikapu yangu ya dizeli oili haipungui, tena inaongezeka! Ila presha imeshuka.

Ndugu, usishangilie. Hakuna injini inayozaa oili. Nusa kijiti: kikinuka dizeli, nozeli inayopuliza dizeli kwenye silinda inavuja, au sili ya pampu ya dizeli kama yako inaendeshwa kwa gia. Dizeli imeifanya oili kuwa maji. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, basi ni maji ya rejeta, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Kwa vyovyote vile gari lisitembee.

Ruangwa hapa. Nimenunua pampu mpya ya oili, presha bado hamna. Nimeibiwa?

Pampu yako inaweza kuwa nzima kabisa. Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo. Nilipofungua sampu, chujio lilikuwa limefunikwa na vipande vyekundu vya silikoni, gundi ya kuzibia sampu, vimejikunja kama maganda ya nyanya. Fundi aliyepita aliipaka kwa ukarimu. Iliyobanwa ikaingia ndani, ikakatika, ikanyonywa. Vibanio vya kung'olea vikamaliza kazi, na pampu ya zamani ilikuwa bado kwenye boksi, haina kosa.

Kagua pia mpira unaoziba bomba la chujio, kwa sababu ukipasuka pampu inavuta hewa. Halafu vali ya kupunguzia presha: ikikwama wazi, oili yote inarudi sampu. Inafunguka kwa boliti moja tu katika injini nyingi. Ioshe kwa petroli, ihakikishe inateleza kwa uzito wake yenyewe, na uirudishe na springi yake ileile.