Damu Chooni: Kama ni Bawasiri, Kamera ya Nini?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mume wangu ana miaka 52, na tangu Ramadhani anatokwa na damu akienda haja kubwa. Dukani walisema ni bawasiri, wakampa dawa ya kupaka. Sasa ametakiwa aende Malindi akapigwe kamera. Kuna haja gani, na je, ataumia? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Huenda ni bawasiri kweli. Lakini mtu huweza kuwa na bawasiri chini na uvimbe juu zaidi ndani ya utumbo, vyote vikitoa damu, na dawa ya kupaka haitakwambia. Kwa umri wake, mwache aende.

Vyombo ni viwili. Kimoja ni kibomba kifupi, kama sentimita 7 hadi 10, chenye taa. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja. Daktari hutanguliza kidole, kisha hukipaka kibomba jeli na kukiingiza. Kikitolewa polepole huku mgonjwa akijikamua, vifundo vya bawasiri hujitokeza. Ni dakika chache, bila sindano ya usingizi. Asipostahimili hata kidole, huenda ana mpasuko kwenye njia ya haja kubwa. Asilazimishwe, utibiwe kwanza.

Kamera ndefu inayopinda ndiyo ipitayo utumbo mpana wote. Hapo hujaa gesi tumboni kwa muda, kwa hivyo wengi hupewa dawa ya kusinzia. Ajabu yake ni kwamba hewa inayopulizwa hutandaza kuta, bawasiri zikalala zisionekane sawasawa. Ripoti ya kamera ndefu peke yake ikisema hakuna bawasiri, msitosheke nayo, ulizieni kibomba.

Kinachoharibu zaidi kipimo cha kamera ndefu ni matayarisho mabaya. Vidonge vya madini ya chuma viachwe siku 7 kabla, maana choo huwa cheusi na chenye kunata. Akitumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au ya kisukari, amwambie daktari mapema, asiache kwa hiari yake. Siku ya kabla ya kipimo ni vyakula vya majimaji tu: chai ya mkandaa, madafu, supu iliyochujwa. Sharubati nyekundu hapana, kamera huiona kama damu. Dawa ya kuendesha tumbo hunywewa nusu jioni na nusu alfajiri, kwa saa walizompangia. Asiinywe akiwa bado ana safari ya boti hadi Mokowe na basi la masafa marefu! Alale Malindi. Choo cha mwisho kiwe majimaji ya manjano, maangavu kama mkojo. Kikiwa bado kahawia, amwambie muuguzi kabla hajalala kitandani. Akipewa dawa ya kusinzia, apate mtu wa kumrudisha.

Bawasiri za ndani zikithibitika, mara nyingi hufungwa kwa mpira mdogo kupitia kibomba kile kile. Mpira hukaa juu zaidi ya mstari ambapo hisia za maumivu huanzia. Akisikia maumivu makali papo hapo, umewekwa chini mno, aseme utolewe. Kifundo hudondoka baada ya siku 5 hadi 10, na damu kidogo hapo si ajabu. Damu nyingi, homa, maumivu yanayozidi au kushindwa kukojoa: hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.