Jibu: Mtoto wa miezi 3 hatabasamu, hafumbi macho, na mguu umepinda

Mama, umeuliza kama ni magonjwa matatu. Dalili hizo zikiwa pamoja tangu kuzaliwa, mpeleke achunguzwe sindromu ya Moebius, yaani hali moja yenye dalili kadhaa pamoja. Neva (mishipa ya fahamu) ya 6 na ya 7 za ubongo hazikukua vizuri mimba ikiwa changa, ndiyo maana uso hausogei na macho hayageuki pembeni. Mguu kifundo (uliopinda tangu kuzaliwa), au vidole visivyokamilika, huandamana nayo kwa baadhi ya watoto. Si laana, tafadhali usikubali kuambiwa hivyo.

Macho yashughulikiwe wiki hii. Jicho lisilofumba hukauka, likapata kidonda na kovu linaloziba kuona. Omba daktari wa macho matone ya kulainisha ya mchana na marhamu ya usiku.

Akinyonya, mweke wima. Midomo ikishindwa kushika, kamua maziwa utumie chupa laini ya kubonyeza pole pole. Akipaliwa, acha kwanza. Uzito upimwe kliniki mara kwa mara.

Mguu hutibiwa kwa njia ya Ponseti: plasta mpya kila wiki, kwa kawaida 5 hadi 7 (mguu mgumu huhitaji zaidi), mara nyingi na mkato mdogo wa kano ya kisigino. Kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu hadi miaka 4 au 5. Viatu vikiachwa mapema, mguu hurudi kupinda.

Hapa Nairobi, omba rufaa ya Hospitali ya Kenyatta, kitengo cha watoto. Na umchekee kila siku: wengi wao wana akili timamu, furaha yao utaisikia kwenye sauti.