Kabla Hujalipia Jiwe la Jikoni, Lidondoshee Ndimu

Juzi msomaji mmoja wa Njiro, Arusha, ameniandikia: "Dada, niko hatua ya umaliziaji, fundi anataka jibu. Niweke jiwe jeupe lenye mishipa au graniti nyeusi? Kila ninayemuuliza ananiambia nyeusi imepitwa na wakati." Ujumbe wake umenikuta nimesimama jikoni kwangu hapa Rau, Moshi, mkono uko juu ya kaunta niliyofungiwa wiki mbili zilizopita. Nikaona nisimjibu peke yake.

Kaunta hii ni ya pili. Ya kwanza ilinitoa machozi.

Tulihamia mwaka 2019. Simu yangu ilikuwa imejaa picha za majiko, na kipindi kile kila jiko la kwenye picha lilikuwa jeupe pee, na mishipa ya kijivu inayotiririka kama moshi. Mama mkwe wangu ana jiko Kibosho lenye zege lililopigwa saruji nyekundu, lipo tangu mume wangu yuko shule ya msingi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hapo ndipo utakapomenyea ndizi?" Nikamjibu nitatumia ubao. Niliona hajui mambo ya siku hizi.

Tukaenda Arusha. Muuzaji akatuonyesha jiwe jeupe kama la kwenye picha, akatuambia ni graniti nyeupe, haichubuki, haishiki doa, utazeeka uiache. Tukatoa pesa tuliyokuwa tumetenga kwa ajili ya banda la ng'ombe. Slebu, yaani vipande vikubwa vya jiwe, zikapakiwa kwenye Canter, kilomita 80 hadi Moshi, kila tuta roho juu. Zilipofungwa, nilikaa usiku ule nikiziangalia taa ikiwaka. Zilipendeza, siwezi kusema uongo.

Kisha ikafika Desemba, na Desemba ya huku mnaijua. Ukoo mzima umerudi nyumbani, kuna mbuzi, kuna machalari, yaani ndizi za kupika na nyama, ya watu zaidi ya 20. Ndizi mshare zikamenywa pale pale juu ya jiwe, utomvu ukachuruzika. Ndimu za kachumbari zikakatwa pale pale. Nani atamwambia shangazi yake asubiri ubao? Asubuhi ya tarehe 26 nilipofuta kaunta nikakuta michirizi ya kahawia na mabaka yaliyofifia, kila nusu ndimu imeacha duara lake. Nikasugua kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa stili waya, nikazidisha ubaya. Wifi yangu akasema mbele ya wageni kwamba vitu vya gharama vinataka watu waliovizoea. Miaka imepita, tumeshapatana, lakini sentensi ile bado naisikia nikiwa naosha vyombo.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Majengo aliyekuja kurekebisha sinki. Aliinama, akakwangua upande wa chini wa jiwe kwa kisu, ukatoka unga mweupe. Akadondoshea ndimu kwenye ule unga, pakatoka povu dogo. "Mama, hii ni marumaru," akasema. "Hii ni ndugu yake chokaa." Asidi ya ndimu, siki au nyanya inaila chokaa, kwa hiyo yale mabaka hayakuwa uchafu. Ni ngozi ya jiwe iliyoliwa. Hata ile dawa ya kupaka kuziba vinyweleo husaidia doa lisizame, lakini haizuii asidi kula. Graniti ya kweli ni jiwe lililotokana na uji wa mawe ya moto uliopoa taratibu chini ya ardhi, na ni gumu kuliko kisu chako cha jikoni. Nayo inahitaji dawa ya kuziba, kwa sababu mafuta yanaweza kuzama, ila ndimu haiisumbui.

Nilipigwa, ndugu zangu. Nilipigwa kwa sababu nilinunua kwa macho.

Sasa kuna hili la kwatzi ya kiwandani, ambalo linavuma sana. Ni unga wa mawe, mara nyingi asilimia 90 na zaidi, ulioshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Haishiki doa kirahisi, nakubali. Lakini ile gundi haipendi moto. Wewe unayetoa sufuria ya makande kwenye jiko la mkaa ukaitua moja kwa moja, itakuachia alama ambayo haitoki. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: likikatwa kavu, vumbi lake huharibu mapafu ya mafundi. Australia wamepiga marufuku mawe ya aina hiyo kuanzia Julai 1, 2024 kwa sababu hiyo. Ukiona kijana anakata jiwe lolote uani kwako huku amejifunga kitambaa tu puani, msimamishe. Akate kwa maji, avae barakoa ya kazi. Jiko lako lisimgharimu mtoto wa mwenzio.

Msinielewe vibaya, mitindo ni mizuri na mimi naipenda. Lakini tangu utoto wangu nimeona terazo, ile saruji yenye vipande vya mawe iliyosuguliwa ikang'aa, ikisifiwa, ikatupwa, ikaja tailizi nyeupe ndogo ndogo ambazo grauti yake, ile saruji ya kwenye maungio, inashika ukungu, ikaja graniti nyeusi, ikaja nyeupe, na sasa hivi terazo hiyo hiyo imerudi kwenye majumba ya kisasa. Ukitaka kufuata mtindo, badilisha rangi ya kabati, badilisha vishikio, badilisha pazia. Jiwe liulize chakula chako. Unapika nini? Nani anapika? Sufuria inatua wapi?

Mimi safari hii nimeweka graniti ya kijivu yenye madoa meusi, na sehemu ya kusukumia chapati nimeishusha chini ya zile sentimita 90 walizozoea mafundi, kwa sababu mimi ni mfupi. Jumapili mama mkwe alikuja na mkungu wa mshare, akamenya juu yake mpaka ukaisha. Tulifuta, hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo dada wa Njiro, usimjibu fundi nyeupe wala nyeusi bado. Omba dukani kipande kilichobaki, muuzaji akikunyima ondoka. Kikwangue kwa kisu upande usioonekana. Weka juu yake ndimu iliyokatwa, manjano, mafuta ya kula na ganda la ndizi mbichi linalotoa utomvu, ukilaze mpaka asubuhi. Ukishakiosha, nitumie picha.