Kwa nini kichocheo kisiwe cheusi tu, kinyonye jua lote?

Mkuu, umeuliza kuhusu vichocheo vya mwanga, yaani poda zinazotumia nguvu ya jua kuendesha mmenyuko kama kusafisha au kupasua maji: kama titania (titani dioksidi, poda nyeupe) inanyonya urujuanimno peke yake, na huo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua, kwa nini tusitengeneze poda nyeusi inayonyonya kila kitu? Swali hilo lilinila karibu mwaka mzima wa uzamili.

Nilianza kama wengi. Nikachanganya titania na yurea, nikachoma tanurini, ikatoka njano kama unga wa dengu. Nikaitia kwenye maji yenye methilini bluu, rangi ya kupimia kazi ya kichocheo, nikaanika juani. Saa mbili tu, maji meupe pe! Nikajiona nimemaliza. Msimamizi wangu akauliza, "Chupa ya gizani iko wapi? Na ya juani isiyo na poda?" Sikuwa nazo. Nilipozifanya, kumbe rangi nyingine ilikuwa imeganda tu kwenye poda, nyingine imepaushwa na jua lenyewe. Isitoshe, methilini bluu nayo hunyonya mwanga, tena sana kwenye wimbi la nanomita 664, ikaisukumia poda elektroni zake. Nikahamia fenoli, ambayo haina rangi, na kichujio cha kuzuia mwanga wote wa wimbi fupi kuliko nanomita 420, ibaki ile sehemu inayoonekana. Saa nne, fenoli iko karibu palepale. Poda njano, kazi hakuna.

Iko hivi. Poda hunyonya mwanga pale tu mwanga unapoweza kuirusha elektroni ivuke pengo la nishati, na ikiruka inaacha nafasi tupu iitwayo tundu. Pengo la titania aina ya anatasi ni 3.2 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati). Gawa 1240 kwa 3.2, unapata urefu wa wimbi, nanomita 387. Mwanga wa wimbi refu zaidi haiushiki. Ukipunguza pengo unashika mwanga mwingi, ila elektroni na tundu lake vinatoka vikiwa na nguvu kidogo. Kupasua maji peke yake kunadai 1.23 eV, kabla hujahesabu hasara za njiani. Poda nyeusi ya pengo dogo itapata moto tu, kama bati la mchana. Naitrojeni iliyotoka kwenye yurea yangu nayo iliweka vingazi vya nishati katikati ya pengo, elektroni na tundu vikawa vinakutania humo kabla ya kufika usoni pa chembe. Hata kutu, yenye pengo la kama 2.1 eV na bei ya bure, inakwama hapohapo: tundu lake husafiri nanomita chache tu.

Timu ya Kazunari Domen, Japani, mwaka 2021 ilitandaza paneli za mita za mraba 100 za kupasua maji kupata hidrojeni, kwa poda ya urujuanimno tu. Poda hiyo inatumia karibu kila chembe ya mwanga inayoinyonya, lakini ufanisi kwa jua zima uliishia asilimia 0.76.

Mimi nilihamia kuoanisha poda mbili zigawane kazi, kama jani linavyofanya. Yurea ileile ukiichoma peke yake nyuzi 550 inakupa kaboni naitraidi, 2.7 eV, inashika mpaka kama nanomita 460. Funika chombo vizuri. Mara ya kwanza nilikiacha wazi, asubuhi nikakuta kitupu, tanuri linanuka amonia.