Wasomaji Wanauliza: Kumkumbuka Aliyeishi na Figo ya Ndugu

Baba yetu amefariki baada ya kuishi miaka sita na figo aliyopewa na shangazi. Nimepewa kazi ya kuandika historia ya marehemu itakayosomwa makaburini. Ndugu wamegawanyika: wengine wanataka figo itajwe, wengine wanasema ni siri ya ukoo. Niandikeje? – Msomaji, Morogoro

Pole sana kwa msiba. Kabla hujashika kalamu, nenda kwa shangazi. Figo ilitoka kwake, na ni yeye wa kuamua kama jina lake lisomwe mbele ya watu. Wapo wanaofurahi kutajwa. Wapo wasiotaka, kwa kuwa tanga likiisha watu huwafuata kuwauliza walilipwa shilingi ngapi. Muulize akiwa peke yake, si kwenye kikao cha ukoo, maana mbele ya wazee kukataa ni kugumu. Akikataa, andika "alipandikizwa figo iliyotolewa na ndugu yake wa damu" na uishie hapo.

Tarehe usizitoe vichwani mwa watu. Tafuta daftari la kliniki na karatasi za kuruhusiwa hospitali: siku alipoanza kusafishwa damu, siku ya upandikizaji, na mahali ulipofanyika. Tanzania upandikizaji wa kwanza ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza 2018. Kwa hiyo mtu akikwambia jamaa fulani alipandikizwa nchini mwaka 2012, huenda anachanganya na safari ya India.

Kuna maneno yanayorudiwa sana katika historia hizi na si sahihi. "Alibadilishiwa figo" ni mojawapo. Kwa kawaida madaktari hawazitoi zile za zamani. Mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja karibu na nyonga, ikaunganishwa na mishipa ya damu ya hapo na kibofu cha mkojo. Inawezekana kabisa kwamba baba yako amezikwa na figo tatu. Jingine ni "akapona kabisa". Hakupona, alipata kazi ya maisha. Dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama takrolimasi na maikofenoleti, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Kwa miaka sita hizo ni zaidi ya mara 4,300, tena siku za kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu alitakiwa kwenda na dozi ya asubuhi mfukoni, aimeze damu ikishachukuliwa. Kwa maoni yetu hilo ndilo la kusomwa makaburini kuliko sifa za "alikuwa mcheshi na mpenda watu" ambazo kila marehemu anazo. Kama simu yake ililia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, sherehe ikiendelea au basi likiwa njiani, liandike.

Kuhusu sababu ya kifo, usiandike "mwili uliikataa figo" kwa kuhisi. Wengi hufariki figo ikiwa bado inafanya kazi: moyo, maambukizi, au saratani. Dawa zilezile zinazoilinda figo huupunguzia mwili nguvu ya kupambana na vijidudu, na shinikizo la damu au kisukari kilichoua figo za kwanza huwa bado kipo. Fuata maelezo ya daktari. Kama huna, "alifariki baada ya kuugua" yatosha.

Maneno 300 hadi 350 yanakutosha, dakika tatu au nne za kusoma. Jua la makaburini halina subira.

Nilimpa kaka yangu figo mwaka 2019, na mwaka huu amefariki. Msibani nimesikia watu wakinong'ona kwamba figo yangu ilikuwa dhaifu. Je, ni kweli? Na mimi niitunzeje iliyobaki? – Msomaji, Mbeya

Pole, kaka. Figo dhaifu isingepita vipimo vya mtoaji. Na figo inapokataliwa, kinachoishambulia ni kinga ya mwili wa mpokeaji. Wewe hukufanya kosa, na mara nyingi hata yeye hakufanya. Dozi zikirukwa, kiwango cha dawa hushuka. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha sana hata kwa asiyeruka dozi, na erithromaisini (dawa ya kuua bakteria) au tunda la balungi hukipandisha mpaka dawa yenyewe ikaidhuru figo.

Wanaonong'ona wasomee historia ya Boston, Marekani, Desemba 1954. Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard, na huo ndio upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa. Richard aliishi miaka minane, akaoa muuguzi wa hospitali alikopandikizwa na kupata watoto. Ronald aliishi na figo moja hadi 2010. Hakuna anayesema alitoa bure.

Yako iliyobaki hukua kidogo na kuchukua sehemu ya kazi ya mwenzake. Kila mwaka pima shinikizo la damu, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inavyochuja), na protini kwenye mkojo. Acha mazoea ya kununua diklofenaki na ibuprofeni dukani kila mgongo ukiuma. Parasitamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Na kila unapotibiwa, mwambie daktari una figo moja. Kovu halijielezi.

Mama, aliyekuwa amepandikizwa figo, amefariki na kuacha dawa za miezi miwili, za bei kubwa. Jirani aliyepandikizwa figo anaziomba. Tumpe? – Msomaji, Mombasa

Msimpe, hata kama roho inauma. Takrolimasi hupangwa kwa kipimo cha damu ya mtu mmoja, na ipo ya kumezwa mara mbili kwa siku na ya mara moja. Hizo mbili hazibadilishani, ingawa jina ni moja. Maikofenoleti huharibu mimba, hivyo mjamzito asifungue vidonge vyake wala asiguse unga wake. Zirudisheni famasia ya hospitali zikiwa kwenye pakiti zake. Msizimwage chooni. Mashine ya presha, kipimajoto na mizani mpeni jirani kwa moyo mweupe, atavitumia kila siku.

Je, figo ya kupewa hutolewa kabla ya kuzika? – Msomaji, Tanga

Hapana. Maiti huoshwa na kukafiniwa kama wengine, na kovu lililopona huoshwa kama ngozi nyingine. Ila kama alikuwa na mpira wa kusafishia damu shingoni au kifuani, waombeni wauguzi wautoe na kuliziba tundu kwa bandeji isiyopitisha maji kabla hamjakabidhiwa mwili. Likiachwa wazi huvuja na kuchafua sanda.

Arobaini ya dada yetu tunataka tuwasaidie wagonjwa wanaosafishwa damu, badala ya kupika pilau ya mtaa mzima. Tuanzie wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

Anzieni kwenye nauli. Ratiba ya kawaida ni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, yaani safari 12 au 13 kwa mwezi, kwenda na kurudi. Wapo wanaoruka siku kwa kukosa nauli tu. Mwoneni muuguzi mkuu wa kitengo, awaonyeshe wawili au watatu, mlipie miezi mitatu.

Msipeleke madafu, ndizi, machungwa wala parachichi. Vina potasiamu nyingi. Figo iliyokufa haiwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Vipande vichache vya nanasi au tufaha ni afadhali. Mkipika viazi au ndizi, menyeni, katakateni, chemsheni kwa maji mengi, kisha yamwageni yale maji, msiyafanye mchuzi.